Tupeane uzoefu: pampu ya mawimbi iliyogoma umeme uliporudi

Mwanaziwa_Gungu:
Wakuu, habari za jioni. Jana umeme ulikatika huku kwetu tangu magharibi. Uliporudi usiku, filta ikaanza yenyewe, taa zikawaka, ila pampu ya mawimbi ya tangi langu la samaki inanguruma tu, impela (panga dogo la ndani linalosukuma maji) haizunguki. Nimekumbuka visa vya wenzangu wengi na vyote vinafanana: pampu inafanya kazi miezi na miezi bila shida, siku ikizimwa ndipo haiamki tena. Tupeane uzoefu. Yako iligoma vipi, uliiokoaje, na ulijuaje kwamba hii haisafishiki tena, ni ya kubadilisha? Mimi nafuga samaki wa Ziwa Tanganyika, duboisi na frontosa wetu wa mistari saba, maji nachota ziwani.

Bangwe_Juu:
Yangu hivyo hivyo. Inanguruma, ukiigusa na kijiti inaondoka.

FundiKibirizi:
Hiyo ni chokaa. Nenda ufukweni ukatazame mawe, ule ukoko mweupe pale maji yanapoishia. Ndio huo unaoganda ndani ya pampu. Maji ya Tanganyika yana madini mengi na pH inakaribia 9, kwa hiyo chokaa inashika haraka penye joto, na mota ina joto. Impela ikiwa inazunguka inapita tu, ikisimama inakwama kwenye ukoko, na vile vimota havina nguvu ya kujinasua. Chomoa kwenye soketi kwanza. Fungua kifuniko, vuta impela na sumaku yake, loweka kwenye siki nyeupe nusu kwa nusu na maji, saa moja au mbili. Mswaki laini kwa nje, kijiti chenye pamba kwa ndani ya tundu. Suuza sana, rudisha.

Mama_Nuru:
Fundi, siki inachelewa. Unga wa ndimu ule wa dukani, kijiko kwenye maji ya vuguvugu, ukoko unatoka huku unaona.

FundiKibirizi:
Mama Nuru, unga ukizidisha unakula mpira wa bushi, vile vipete vinavyoshika ncha za shafti. Siki ni salama zaidi.

Mama_Nuru:
Usizidishe basi! Mimi natumia huo na bushi zangu nzima.

Kasulu_Mpya:
Gonga pampu na mpini wa mwiko mara mbili, itaondoka.

FundiKibirizi:
Jamani msigonge! Shafti, kile kijiti ambacho impela inakizunguka, ni ya keramiki, inakatika kama chaki.

Ujiji_Mwembeni:
Mmenikumbusha usiku wa kuamkia Idi. Nyumba imejaa, ndugu wa kutoka Kasulu wamelala sebuleni, shangazi yangu kwenye mkeka karibu kabisa na tangi. Umeme ulikuwa umekatika, ukarudi saa nane usiku. Pampu ikaanza kwa kishindo, ikaachia kioo. Ile mipira ya sumaku inayoshika ukutani ilikuwa imekakamaa, haina mshiko tena. Ikadondoka mchangani ikalala chali, mdomo unatazama juu. Maji yakaruka kama mvua, yakapita kifuniko, yakamwagikia mkeka na stabilaiza iliyokuwa kwenye stuli pembeni. Shangazi akaamka analia kwamba ziwa limeingia ndani.

Mjomba akakunja mkono wa kanzu aingize mkono aiokote. Nilipiga kelele ambayo sijawahi kupiga: "Mjomba, usiguse maji!" Mdogo wangu akakimbilia swichi kubwa ya mlangoni akaishusha. Giza. Tukawasha tochi za simu. Mchanga wote umetibuka, maji meupe, Tropheus (jamii ya duboisi) wamepanda juu vinywa vimegusa uso wa maji. Pampu ya hewa sina, jenereta sina. Shangazi, huku khanga imelowa chapachapa, akachukua jagi la juisi akawa anachota maji na kuyamwaga kutoka juu ili yachanganyike na hewa. Tukapokezana mpaka adhana ya alfajiri. Waliokufa ni Tanganicodus, wale wadogo wanaorukaruka chini kwenye mawe. Wengine wote walipona. Pampu nilipoifungua, mchanga ulikuwa umesaga shafti ikabaki nyembamba katikati. Hiyo haisafishwi, ni kubadilisha.

Bangwe_Juu:
Subhanallah. Shangazi hajambo?

Ujiji_Mwembeni:
Hajambo kabisa. Akipiga simu anaanza kuulizia samaki.

Kasulu_Mpya:
Huyo shangazi apewe tangi lake.

Mama_Nuru:
Waliotangulia kufa ni wa kwenye mawimbi, si ajabu. Wamezoea maji yenye hewa nyingi.

Matumbawe_Dar:
Samahani wakuu, pampu za mawimbi ni za matumbawe. Samaki wa maji baridi filta inawatosha, mnajitafutia kazi.

FundiKibirizi:
Kaka, njoo Kigoma wakati upepo wa kusi unavuma uone mawimbi yanavyopiga mawe. Tanganicodus na Eretmodus wanaishi hapo hapo. Kibofu chao cha hewa kimepungua, ndiyo maana hawaelei, wanashikilia mwamba.

Matumbawe_Dar:
Hapo nimekuelewa. Basi niongeze la huku baharini: kwetu pampu inavaa ukoko wa waridi, mwani wa chokaa, nao siki inautoa. Ila kagueni sumaku ya impela. Ganda lake likipasuka, maji yanaingia, inapata kutu na kuvimba mpaka inakwaruza tundu. Ukiona ufa au alama ya kutu, tupa. Kwenye tangi la matumbawe kutu hiyo ni sumu.

Mgeni_Mwanga:
Kwani ziwa si hilo hapo? Mtu wa Kigoma kufuga samaki wa ziwa ndani ya kioo ni kupoteza umeme.

Mama_Nuru:
Mgeni, wanangu wanakula migebuka na dagaa tangu wazaliwe, lakini duboisi mchanga mwenye madoa meupe walimwona kwanza kwangu sebuleni. Wazungu wanawajua samaki hawa kuliko watoto wa Ujiji. Mimi hilo linaniuma.

Mgeni_Mwanga:
Sawa mama, sijakusudia vibaya.

Ujiji_Mwembeni:
Na waya jamani. Uacheni uning'inie chini ya soketi kabla haujapanda, maji yadondokee sakafuni yasifuate waya. Mwambieni fundi umeme awawekee sakitibreka inayojizima umeme ukivuja.

Mwanaziwa_Gungu:
Nimeloweka kwenye siki, imezunguka. Ila shafti inacheza na inagongagonga. Fundi, inaungwa na gundi?

FundiKibirizi:
Haiungwi. Agiza impela, shafti na bushi kwa pamoja, mwili wa pampu utabaki ule ule. Piga picha kibandiko cha nyuma, modeli na volti zisome vizuri, maana impela zinafanana kwa macho na haziingiliani. Ukiweza agiza seti mbili, moja ikae kabatini.

Mwanaziwa_Gungu:
Ahsante. Kuna mtu anapokea mzigo kwa basi kutoka Dar wiki hii?

Bangwe_Juu:
Mimi, Ijumaa. Nitumie hiyo picha inboksi.