Mjadala: Nyumba inayopakana na mkuza wa umeme mkubwa, inunuliwe au iachwe?

Mwanzisha mada
Wadau, nyumba zilizo pembezoni mwa njia kubwa za umeme zinazoingia Ubungo na Kinyerezi, Dar es Salaam, zinauzwa kila siku, na dalali ana jibu moja tu: "Iko nje ya waya, haina shida." Ndugu wa mnunuzi nao wana lao: mionzi, saratani. Kwangu mimi kuna jambo linalotangulia yote hayo, nalo ni mkuza, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili ya njia ya umeme, unaishia wapi. Tuchukue mfano mmoja ili tusiongee hewani: nyumba ya vyumba vitatu, ukuta wa nyuma uko mita 30 kutoka njia ya kilovoti 220. Inunuliwe? Toeni na sababu.

Mpima ardhi
Mkuu, hizo mita 30 zimepimwa kutoka wapi? Mkuza hupimwa kutoka mstari wa katikati, yaani kitovu cha mnara mmoja hadi kitovu cha mnara unaofuata. Dalali hupiga hatua kuanzia chini ya waya wa pembeni, au kutoka kwenye mguu wa mnara ulio jirani, na kila mmoja anapata namba yake. Mpima mwenye leseni anachukua koodineti za vitovu vya minara miwili, kisha za kona zote za nyumba, na umbali unatoka kwa hesabu. Kazi ya saa chache.

Na akisema "nyumba" ahesabu kila kilichojengwa: upenu, baraza iliyoongezwa baadaye, banda la uani, mnara wa tangi la maji, shimo la maji taka, ukuta wa uzio. Mara nyingi kuta kuu ziko salama, kumbe jiko la nje na choo cha uani vimeingia mkuzani.

Upana wenyewe usiulizwe mtaani, maana hubadilika kwa msongo (ukubwa wa umeme kwa kilovoti) na kwa aina ya minara. Nenda ofisi ya TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, ya eneo husika na zile koodineti, uombe barua yenye majibu matatu: msongo wa njia, upana wa mkuza kila upande, na kama kuna njia nyingine iliyopangwa kupita sambamba na iliyopo. Hilo la tatu watu hawaliulizi kabisa, na ndilo linaloigeuza nyumba ya pembezoni kuwa nyumba ya ndani ya mkuza.

Fundi wa njia kuu
Naongezea upande wa macho. Kabla ya barua, hesabu vikombe, yaani visahani vya kuzuia umeme usipite, kwenye mnyororo unaoshika waya. Kwa kawaida msongo wa 33 huwa na vitatu hivi, 132 huwa na kama 9 hadi 11, 220 kama 13 hadi 16, na 400 huzidi 20. Ukiona nyaya mbili au zaidi zimefungwa pamoja kwa kila fezi, hapo umeme unaosafirishwa ni mwingi. Muuzaji akikwambia "ni laini ndogo tu", inua kichwa uhesabu.

Pili, usiangalie waya saa mbili asubuhi ukaridhika. Alumini hutanuka kwa joto, na joto linatoka juani na kwenye mzigo wenyewe. Katikati ya minara miwili, mchana wa jua kali na mzigo mkubwa, waya hushuka kuliko unavyouona asubuhi. Upepo nao huusukuma pembeni. Mkuza umepewa upana kwa ajili ya mwendo huo wa waya.

Mthamini
Mimi nasema asinunue, na sababu yangu ni ya fedha. Nyumba hiyo ataiuza siku moja. Mnunuzi atakayefuata atauliza maswali haya haya, na akitegemea mkopo wa benki, ripoti ya uthamini itataja njia ya umeme kwa maandishi. Benki ina haki ya kuikataa kama dhamana. Punguzo analofurahia leo atalirudisha siku anayouza, na huenda akarudisha zaidi. Kama bado anaitaka, aiulize benki anayoitegemea kabla hajatoa hata shilingi ya kishika uchumba.

Vilevile aulize serikali ya mtaa kama eneo lilishafanyiwa tathmini ya fidia. Kuna wanaolipwa fidia ya mkuza, wanabaki na karatasi za zamani, kisha wanauza eneo lile lile. Anayenunua hapo hana anachomiliki, na bomoabomoa ikija hana fidia ya kudai, kwa kuwa imeshalipwa kwa mwingine.

Wakili, Nairobi
Huku kwetu hati haitoshi kukutoa wasiwasi. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinazitaja njia za umeme miongoni mwa haki zinazoifunga ardhi hata kama hazikuandikwa kwenye daftari la ardhi. Upekuzi unaweza kurudi safi kabisa na nyaya zikawa zinapita juu ya shamba. Viwango tunavyofanyia kazi Kenya ni mkuza wa mita 30 kwa msongo wa 132, mita 40 kwa 220 na mita 60 kwa 400, upana wote, nusu kila upande. Kwa kipimo hicho, mita 30 kutoka katikati ya njia ya 220 ziko nje kwa mita 10. Lakini msizibebe namba zetu mkazitumia Dar.

Mdau wa afya ya jamii
Sasa hilo la saratani, maana haliishi kwa kulipuuza. Mwaka 2002 shirika la utafiti wa saratani la WHO, IARC, liliuweka uga sumaku wa masafa ya chini, aina inayotoka kwenye nyaya za umeme, katika kundi 2B, yaani "huenda" unasababisha saratani. Msingi ulikuwa saratani ya damu kwa watoto: tafiti zilizounganishwa mwaka 2000 zilionyesha hatari kama mara mbili pale wastani wa uga ndani ya nyumba unapozidi maikrotesla (kipimo cha nguvu ya uga sumaku) 0.4. Ugonjwa wenyewe ni nadra, kwa hiyo mara mbili ya kidogo bado ni kidogo, na hadi leo haijajulikana uga dhaifu hivyo ungemdhuru mtoto kwa njia gani. Uingereza, utafiti wa 2005 uliona ongezeko kwa watoto waliozaliwa karibu na njia kubwa. Ulipopanuliwa mwaka 2014, ongezeko lilionekana kwa miongo ya zamani na likafifia kwa watoto wa miaka ya 1980 na kuendelea, ilhali nyaya ni zile zile. Kikomo cha 2010 cha ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi ya aina hii, kwa umma ni maikrotesla 200, lakini hicho kinahusu madhara ya papo hapo tu.

Kwa hiyo sitamwambia mtu akimbie. Nitamwambia apime, na kama namba iko juu ya 0.4, chumba cha watoto kihamie upande wa mbali wa nyumba.

Fundi wa njia kuu
Dada, hapo kwenye kupima ndipo watu wanapodanganyika. Programu ya simu inasoma uga wa dunia, ambao huku kwetu ni maikrotesla 30 na kitu, mtu anaiona anapiga kelele. Kinachotakiwa ni kipimo cha mihimili mitatu, yaani kinachopima pande zote tatu kwa pamoja, cha masafa ya hertzi 50 ya umeme wetu. Kama kinasoma miligausi, gawanya kwa 10 upate maikrotesla. Pima jioni, saa moja hadi saa nne, mzigo ukiwa juu. Pima mara mbili: swichi kuu ikiwa imewashwa, kisha imezimwa. Kinachobaki baada ya kuzima ndicho cha nje.

Uga sumaku unafuata amperi, hauangalii msongo. Chukua nyaya tatu zilizolala sambamba, mita 7 kati ya waya na waya, zikibeba amperi 300. Kwa hesabu, kwenye mita 30 unapata karibu maikrotesla 0.8, mita 50 karibu 0.3, mita 100 chini ya 0.1. Sasa chukua laini ya kawaida ya mtaani, nyaya wazi zenye nafasi ya sentimita 30, amperi 100, mita 3 kutoka dirishani: unapata zaidi ya 1. Nyaya hizo zikiwa zimesokotwa pamoja, uga karibu wote unajifuta. Mzazi anayeogopa mnara wa mbali aitazame kwanza nguzo iliyo dirishani kwake.

Mthamini
Hesabu yako naikubali, lakini kwenye mfano wetu wa mita 30 inatoa 0.8. Hiyo ni mara mbili ya 0.4.

Fundi wa njia kuu
Ndiyo, kwa amperi 300 mfululizo. Kinachotazamwa na tafiti ni wastani, na usiku wa manane mzigo hushuka. Ndiyo maana nasema apime kwa siku kadhaa.

Ila hatari inayoua haraka haijatajwa hapa. Nondo ina mita 12. Mtu ananunua nyumba ya chini karibu na laini ya 11 au 33, mwaka unaofuata anaongeza ghorofa, vibarua wanasimamisha nondo kwenye zege la juu, inagusa waya. Ngazi ya alumini ni hivyo hivyo, na bomba la kisima linalonyanyuliwa. Kwenye msongo mkubwa haihitaji hata kugusa, kusogea karibu kunatosha. Anayepanga ghorofa apime wima pia. Na uzio wa waya unaokwenda sambamba na njia kubwa lazima ufungwe ethi kila baada ya mita chache na ukatwe vipande kwa nguzo za mbao, la sivyo mtoto ataushika apigwe.

Mwanzisha mada
Basi mkataba wa mauziano uwe na kipengele hiki: "Malipo ya awali yatarejeshwa yote iwapo ndani ya siku 14 barua ya TANESCO au ramani ya mpima itaonyesha sehemu yoyote ya jengo, uzio au miundombinu ya kiwanja iko ndani ya mkuza uliopo au uliopangwa." Muuzaji akikataa kutia saini hapo, ameshajibu. Mpima, siku 14 zinatosha kupata hiyo barua?

Mpima ardhi
Weka 30.