Mrejesho: Tathmini ya mdakaji chipukizi wa besiboli

Niliuliza jinsi ya kumpima mwanangu, mdakaji (mchezaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kudaka mipira inayorushwa) mwenye mkono wa nguvu ambaye bado wakimbiaji humwibia besi ya pili, yaani huifikia kabla ya mpira anaourusha huko. Nawashukuru mlionishauri nipime muda kuanzia mpira unapoingia kwenye glavu yake hadi unapomfikia mlinzi wa besi hiyo, umbali wa takriban mita 38.8 katika uwanja kamili, kazi ambayo wadakaji wa ligi kuu ya Marekani huikamilisha kwa wastani wa sekunde 2 hivi. Yeye huchukua muda mrefu zaidi, kama ilivyotarajiwa kwa umri wake. Ila video ya mwendo wa polepole imeonyesha kwamba muda hupotea miguuni na katika kuutoa mpira kwenye glavu, wala si hewani. Kocha amemrudisha kwenye mazoezi ya hatua. Katika kuzuia mipira inayodunda, stadi ninayoithamini kuliko mkono wenyewe, anaendelea vizuri.