Ushauri: mpiga saksafoni kaugua, tumepata wa tarumbeta, onyesho la jazi ni kesho alasiri

Bustani_Njiro: Wakuu, heshima kwenu. Mpiga saksafoni ya alto wetu kaugua ghafla. Kesho saa 9 alasiri tunapiga jazi bustanini, Njiro, Arusha. Mbadala, mpiga tarumbeta, anatoka Moshi, atafika saa 6 mchana. Anasoma nota vizuri, ila karatasi zote ni za alto. Wengine ni kinanda, besi na dramu. Nianzie wapi?

NotaKwanza: Karatasi zile usimpe zilivyo, mkuu. Alto ni ala ya E flati, tarumbeta ni ya B flati, yaani zikisoma C, alto inasikika E flati na tarumbeta B flati. Kinanda kikipiga F, alto inaandikiwa D na tarumbeta G. Kwa hiyo kila nota ya alto ipande nusu toni 5: D iwe G, A iwe D. Kwenye alama za ufunguo (shapu au flati za mwanzo wa mstari) toa shapu moja. Kama hakuna shapu, ongeza flati moja. Kosa la wengi ni kuhamisha melodi na kuziacha kodi (nota zinazopigwa pamoja) zilizoandikwa juu yake. Melodi inatoka safi, ikifika solo anagongana na kinanda. D7, G7, A7 ziwe G7, C7, D7. Ukiwa na karatasi ya kinanda ni rahisi zaidi: pandisha toni moja tu. Palipopita A yenye kimstari kimoja juu ya mistari mitano, shusha kipande hicho oktava nzima, la sivyo midomo itachoka mapema.

Bustani_Njiro: Shukrani sana. Nyimbo ni 10, nihamishe zote?

BesiNzito: Hapana. Hamisha 6, nne wapige watatu bila yeye ili apumzishe midomo. Kati ya hizo 6, mbili ziwe bluzi ya bari 12. Kwa mapigo 120 kwa dakika, mzunguko mmoja ni sekunde 24, kwa hiyo solo ya mizunguko minne ni dakika moja na nusu hivi. Kubalianeni ishara kabla: mkono kichwani, tunarudi kwenye melodi, ngumi juu, tunafunga. Mwenye kinanda ndiye atoe ishara, mmoja tu.

FundiSauti: Msisahau maiki. Saksafoni hutoa sauti kwenye matundu pia, tarumbeta kwenye mdomo wake mpana wa mbele tu, tena kwa nguvu. Isogeze maiki mbele ya mdomo huo wa tarumbeta, sentimita 30 hivi, punguza geini (ukuzaji wa sauti ya maiki) kabla mpigaji hajapuliza. Stendi ya nota ikae chini ya usawa wa tarumbeta, ikiziba sauti inafubaa. Karatasi zibanwe kwa vibanio vya nguo, upepo wa bustanini hauna huruma.

Bustani_Njiro: Na kutiuni, kwenye jua lile?

FundiSauti: Apulize dakika 5 kwanza, ndipo atiuni na kinanda. Shaba ikipata joto sauti hupanda, avute kibomba cha kutiunia nje kidogo kidogo. Kabla ya kuanza tarumbeta ikae kivulini. Warudie kutiuni wakati wa mapumziko, jua likiwa limehama.

BesiNzito: Na malipo yake pamoja na nauli ya Moshi myamalize leo kwa simu.