Tupeane uzoefu: akili mnemba, kazi zetu na siri za watu

Mwanzisha mada, Iringa mjini

Kamwene ndugu zangu. Suala la iwapo akili mnemba ichukue kazi za watu hujadiliwa kana kwamba bado liko mbali, ilhali huku Nyanda za Juu Kusini wapo ambao limekwisha kuwafikia. Utafiti wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2023 ulionesha kuwa kazi zilizo hatarini zaidi ni za ukarani, na kwamba katika nchi za kipato cha chini ni takribani asilimia 0.4 tu ya ajira ambazo mashine ingeweza kuzibeba kwa sehemu kubwa, ikilinganishwa na asilimia 5.5 katika nchi tajiri. Takwimu hizo zinatuliza, ila hazimtulizi karani mwenyewe. Naomba kila mmoja aeleze alichokiona kazini kwake: kazi ilikwenda wapi, na taarifa za watu zilizokuwa chini ya mfanyakazi yule sasa anazitunza nani.

Mchangiaji, Mbeya mjini

Nina steshenari jirani na chuo. Zamani mapato yangu makubwa yalitokana na kuchapa ripoti za utafiti zilizoandikwa kwa mkono, na kusikiliza mahojiano yaliyorekodiwa kisha kuyaweka katika maandishi. Kazi ya kuchapa imekwisha kabisa, kwa kuwa mwanafunzi huzungumza na simu ikaandika. Ya mahojiano imebaki kidogo, tena kwa sababu moja tu: mama wa Rungwe anapoanza sentensi kwa Kiswahili na kuimalizia kwa Kinyakyusa, mashine huandika upuuzi mtupu.

Lakini lililonifanya niandike hapa si mapato. Alikuja mtafiti mmoja na sauti za watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, wakieleza mambo ambayo hata ndugu zao hawayajui, akanitaka nizipandishe kwenye programu ya bure ya mtandaoni ili kazi iishe siku hiyohiyo. Nilimuuliza kama wahojiwa waliridhia sauti zao zipelekwe kwenye kompyuta za kampuni ya ng'ambo. Akanijibu kuwa fomu ya ridhaa haikugusa jambo hilo. Nilikataa, naye akaenda duka la pili. Mimi nilipokuwa nikisikiliza kwa masikio yangu, wahojiwa wangeweza kunishika endapo siri ingevuja, kwa kuwa duka langu linajulikana lilipo. Programu ile watakwenda kuidai wapi?

Mchangiaji, Mufindi

Kwetu kwenye chai hakuna akili mnemba, kuna mashine tu zinazoshikwa na watu wawili, mmoja upande huu wa mstari na mwingine upande ule. Zimepunguza wachumaji, na wengi wao wameelekea Mafinga kwenye mbao. Naona ni vema tusiibebeshe akili mnemba kila lawama.

Mchangiaji, Mbeya, sekta ya afya

Naomba nipingane kidogo na hofu iliyopo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha programu za kompyuta zisome picha za eksirei za kifua katika uchunguzi wa awali wa kifua kikuu kwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi, hata mahali pasipo na msomaji binadamu. Katika zahanati nyingi za vijijini huyo msomaji hakuwahi kuwepo, kwa hiyo hakuna aliyenyang'anywa mkate.

Hata hivyo, programu hutoa alama tu, na mwenye alama kubwa hupelekwa kupima makohozi. Uangalifu unahitajika zaidi kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Chunya, ambao mapafu yao huweza kuwa na makovu ya vumbi la mwamba au ya kifua kikuu cha zamani, kwa kuwa makovu hayo huweza kuipotosha mashine. Tabibu anayemfahamu mgonjwa atamuuliza amefanya kazi shimoni kwa muda gani. Ndiyo maana sitakubali alama ile ipite bila mtu wa kutia saini.

Mchangiaji, Njombe

Mimi sikukopa popote, lakini nilianza kupokea ujumbe wa matusi kuhusu deni la jirani yangu anayelima viazi. Zamani afisa mikopo alifika shambani, akaliona zao na kuzungumza na wadhamini. Jirani yangu alikopeshwa na programu ya simu iliyomwomba ruhusa ya kusoma majina yote aliyoyahifadhi, na namba yangu ilikuwemo. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, nasi tulishukuru. Swali langu ni hili: mimi ambaye sikutoa ruhusa yoyote nina haki gani?

Mwanzisha mada

Ndugu wa Njombe, haki unayo, tena ni yako mwenyewe na haipitii kwa jirani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamlinda kila mtu ambaye taarifa zake zinachakatwa, awe mteja au asiwe, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hifadhi ujumbe wote pamoja na namba zilizoutuma. Jirani yako naye asidhani ameachwa: sheria hiyohiyo inamruhusu mtu kutaka uamuzi unaomwathiri kwa kiasi kikubwa usifanywe na mashine peke yake. Kwa hiyo akinyimwa mkopo na programu yenye leseni, aombe kwa maandishi kwamba ombi lake lipitiwe na mtu, na nakala abaki nayo.