Naomba ushauri: Corolla yenye kilomita nyingi au Civic isiyo na kumbukumbu za sevisi?

Habari zenu wakuu. Nataka kununua gari langu la kwanza, saluni iliyotumika, ya kwenda kazini na kubeba familia ya watu wanne. Bajeti ni ndogo, na nikishalipa nitabaki na akiba kidogo sana ya matengenezo, ndiyo maana naogopa kukosea.

Nimebakiwa na mawili, bei zake karibu sawa. La kwanza ni Toyota Corolla ya 2010, injini ya lita 1.8, imetembea kilomita 210,000. Mwenyewe ana risiti zote za sevisi, hata za kubadilisha oili ya giaboksi. La pili ni Honda Civic ya 2009, lita 1.8 pia, dashibodi inasoma 118,000 lakini hakuna karatasi hata moja. Rangi inang'aa, ndani safi, ila usukani na pedali ya breki vimelika kuliko nilivyotarajia kwa kilomita hizo. Hapo ndipo roho inasita.

Nimeziendesha zote. Fundi amezipima kwa mashine, hakuna kosa lililosoma. Corolla niliikuta injini ya baridi ikawaka vizuri. Civic nilikuta imeshapashwa moto.

Maswali yangu:
Kilomita 210,000 zenye kumbukumbu ni salama kuliko 118,000 zisizothibitika?
Na giaboksi ya otomatiki iliyoanza kuchoka naitambuaje kabla sijalipa?

Natanguliza shukrani.