Naomba ushauri: nimweleze vipi mwanangu kuhusu mieleka ya maonyesho ya kwenye TV?

Wakuu, habari zenu. Mwanangu wa miaka 9 ameniuliza: "Baba, kwa nini mwanamieleka akirushwa kwenye kamba za ulingo anarudi mwenyewe kupigwa?" Nilikosa jibu.

Najua mshindi hupangwa kabla, na anayebebwa huruka kumsaidia mbebaji, kisha huangukia mgongo mzima, kidevu kifuani, kisogo kisigonge. Ila utamu uko kwenye mtiririko: goti likipigwa mapema, baadaye jamaa anachechemea, na ile kabali ya miguu ya mwisho inaleta maana.

Nikamwonyesha pambano la wanamieleka Bret Hart na Steve Austin kwenye onyesho kubwa la mieleka, WrestleMania 13, Rosemont karibu na Chicago, 1997. Austin kanaswa na Hart kwenye Sharpshooter, ile kabali ya kukunja miguu, damu inamchuruzika usoni mpaka kwenye meno, anagoma kusalimu amri hadi anazimia. Mashabiki waliomwona mbaya wakaondoka wanamshangilia. Mtoto akauliza, "Hiyo damu ni ya uongo?" Hapana, ilikuwa ya kweli, na hapo ndipo nilipokwama zaidi.

Jana nimemkuta sebuleni kambana mdogo wake miguu vilevile, mdogo analia.

Wazazi wenzangu mnaopenda mieleka, mlianzia wapi? Nataka aogope kuiga bila kupoteza hamu ya kuangalia na mimi Jumamosi.