Karakana shambani, nimeletewa notisi ya "matumizi yasiyoruhusiwa". Nifanyeje?

MamaShamba:
Wakuu, habari za muda huu. Naombeni mawazo, hasa ninyi wazoefu wa mambo ya mipango ya ardhi.

Ardhi yangu imetengwa kwa kilimo, na kweli nalima. Nyuma ya ghala kuna banda ambamo mume wangu alikuwa anatengeneza trekta letu. Watu wakaona ana mkono mzuri, wakaanza kuleta ya kwao. Matrekta, pampu, na majuzi liliingia lori la mchanga lililovunjika springi. Jirani aliyehamia ng'ambo ya uzio kapeleka malalamiko: kelele za grenda, cheche za kuchomelea usiku, magari makubwa kwenye njia tunayotumia wote. Sasa notisi imebandikwa mlangoni: nisitishe "shughuli ya kiwanda" au nikate rufaa ndani ya muda uliotajwa.

Kwani kutengeneza zana za kilimo si kilimo? Halafu sisi tulimtangulia huyo jirani!

Jembe_Butu:
Dada, ardhi yako, hati yako. Piga kazi, hao wanatafuta chochote tu.

MzeeWaRamani:
Mwanangu, huyo wa hapo juu atakuponza. Nimekaa kwenye kamati ya mipango, na mafaili ya namna hii ndiyo yaliyokuwa yanajaza meza. Hati inasema ardhi ni ya nani. Mpango wa matumizi unasema itumikeje. Mahakama Kuu ya Marekani ilishakubali mgawanyo huo mwaka 1926, kwenye shauri la kijiji cha Euclid na kampuni ya Ambler Realty. Uingereza, sheria ya 1947 iliweka wazi kwamba kubadilisha matumizi ya ardhi kunahitaji kibali.

Swali lako la kwanza ndilo lenye nyama. Wanachoangalia ni kama shughuli inaambatana na kilimo cha shamba *hilo*. Trekta lenu likitengenezwa kwenye banda lenu, hakuna wa kukugusa. La mkulima mwingine, hapo ubishi unaanza, maana mnatoza fedha na shamba lenu halihusiki. Lori la mchanga ndilo lililokuuza.

Angalia wengine walivyochora mstari kwenye vibanda vya kuuzia mazao shambani. Jimbo la Oregon, Marekani, vitu vya pembeni visivyo mazao na shughuli za kulipia visizidi asilimia 25 ya mauzo ya kibanda kwa mwaka. British Columbia, Kanada, wanapima nafasi: angalau nusu ya eneo la kuuzia iwe ya mazao ya shamba. Uingereza farasi anayelishwa tu malishoni ni kilimo, ila akifugwa kwa ajili ya watu kumpanda na kutembea naye, si kilimo tena. Farasi yuleyule!

Kuhusu kutangulia: tarehe aliyohamia jirani haikusaidii sana. Sheria za kumlinda mkulima dhidi ya majirani wapya zipo, kama ile ya jimbo la Michigan, Marekani, ya 1981, lakini zinalinda harufu ya samadi na mngurumo wa trekta shambani, hazilindi uchomeleaji wa malori. Tarehe yenye uzito ni ile eneo lenu lilipotangazwa kuwa la kilimo. Kama karakana ya kulipisha ilikuwepo kihalali kabla ya hapo, una hoja. Na hata hivyo, kinga hiyo kwa kawaida hufunika kile kilichokuwepo, haifuniki kilichoongezeka baadaye.

Peleka rufaa kabla muda haujaisha, hayo mengine yatafuata. Malori simamisha leo.

MamaShamba:
Asante sana mzee wangu. Daftari la kazi tunalo, na nyingi ni zana za wakulima. Lakini nikiomba kibali cha kubadilisha matumizi, si nitakuwa nimekiri kosa?

MzeeWaRamani:
Andika kwenye ombi kwamba unaliwasilisha bila kuathiri rufaa yako. Omba kwa ajili ya banda na sehemu ya kuegesha tu. Usithubutu kuombea shamba zima, maana sehemu nyingi ardhi ya kilimo inatozwa kodi nafuu na utaipoteza bure. Jitolee masharti mwenyewe: saa za kazi, zana za kilimo pekee, hakuna kuchomelea usiku. Kamati hupenda kupewa kitu cha kuandika. Hilo daftari litoe nakala, tenga kazi za wakulima na za wengine.

UpandeWaPili:
Mimi niliwahi kuwa huyo jirani. Grenda ya mchana nilivumilia. Kilichonipeleka kulalamika ni malori ya usiku na mafuta machafu kwenye mtaro. Nenda mkaongee naye kabla ya kikao. Hata akifuta malalamiko notisi inaweza kubaki, ila hatakuja kukupinga.

MzeeWaRamani:
Umenikumbusha jambo. Mwanangu, mafuta machafu mnaweka wapi?

MamaShamba:
Kwenye pipa, nyuma ya banda. Limekaa chini kwenye udongo.

MzeeWaRamani:
Lihamishe kabla mkaguzi hajafika. Liwe juu ya sakafu ya zege, chini ya paa, na ulizungushie kingo ya kuzuia mafuta yakimwagika. Anayekuja kuyachukua akupe risiti kila mara. Udongo uliolowa mafuta uchimbe, usiufukie. Mkaguzi akiukuta, kesi ya matumizi inageuka kuwa ya uchafuzi, na hiyo haina cha kuambatana na kilimo.

MamaShamba:
Kesho asubuhi naanza na hilo pipa. Rufaa naipeleka mchana.